Kabla Fundi Hajapanda Ngazi

Msikilizaji, siku hizi ukiingia kwenye maduka ya taa pale Kariakoo unaweza ukasahau ulichofuata. Kuna za kubandika darini, bapa na za duara, kuna za kuchimbia kwenye jipsamu, kuna za kuning'inia zenye vioo vinavyometameta. Watu wananunua, na wana haki, maana sebule yenye mwanga mzuri humfurahisha mwenye nyumba na mgeni wake. Ninachotaka tukizungumze leo ni kile kipindi kifupi kati ya kushusha taa ya zamani na kuwasha mpya. Hapo ndipo watu wanapopigwa shoti, na wapo wasioinuka tena.

Tunaijua hali yenyewe. Ngazi imesimamishwa katikati ya sebule, fundi au baba mwenye nyumba yuko juu, anapaza sauti: "Hebu zima hiyo swichi!" Mtoto anazima. Mtu anaingiza mikono kwenye nyaya. Nyumba nzima inaamini kwamba umeme umezimwa.

Haujazimwa. Umezima taa tu.

Kwenye dari hufika waya wa moto, ambao ndio unaoleta umeme, na nyutro, ambayo ndiyo njia ya kurudi. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Lakini swichi ikifungwa kwenye nyutro, taa itawaka na kuzimika vilevile, wala hutaona tofauti yoyote ukiwa umekaa kwenye kochi. Ni sawa na mkulima anayeziba mfereji kule maji yanakotokea badala ya kule yanakoingilia: maji hayaendi popote, lakini shamba limejaa. Taa imezimika, na holda iliyo juu ya kichwa chako ina volti 230 zinazosubiri njia ya kwenda ardhini. Njia hiyo inaweza kuwa wewe, uliyepanda ngazi ya chuma na kushika fremu ya dari kwa mkono wa pili.

Wengine husema, "Ah, ni umeme wa taa tu, mdogo." Hebu tupige hesabu. Balbu ya LED ya wati 10, kwa volti 230, huvuta kama miliampia 43. Kile kifaa cha kinga kinachofungwa kwenye bodi ya umeme ili kikate haraka umeme unapovuja kwenda ardhini, kwa kawaida cha majumbani hupangwa kukata kwenye miliampia 30, kwa sababu kuanzia hapo moyo wa binadamu unakuwa hatarini. Kwa hiyo mkondo unaotosha kuwasha balbu ya chooni unatosha pia kumuua mtu. Na nyumba zisizo na kifaa hicho ni nyingi mno.

Kuna dalili moja ambayo unaweza kuiona mwenyewe usiku wa leo. Zima taa za LED, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu. Ukiona balbu inatoa mwanga hafifu kama wa kimulimuli, au inawaka na kuzimika yenyewe, yawezekana swichi yako inakata nyutro. Si lazima iwe hivyo. Swichi zenye kitaa kidogo cha alama huleta hali hiyo, na nyaya ndefu zilizolala sambamba nazo pia. Ila ukiiona, mwite fundi aipime. Usikubali kuambiwa kwamba balbu ni feki, ukanunua nyingine, yakaishia hapo.

Rangi za nyaya nazo zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, mpya zina kahawia na buluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba kidogo kidogo ina zote nne. Tena, waya unaoshuka kwenye swichi na kupanda tena darini mara nyingi hutoka kwenye kebo ileile ya nyaya mbili, kwa hiyo ule mweusi unaweza kuwa ndio unaopeleka moto kwenye taa. Anayesema "huu mweusi, shika tu" anabahatisha na uhai wa mtu.

Halafu kuna jambo linaloniumiza kuliko yote. Umeme ukikatika mtaani, mtu anasema, "Afadhali, tutumie nafasi hii tufunge ile taa." Anapanda bila kugusa bodi. Umeme wa mgao haubishi hodi ukirudi. Hata LUKU ikiisha yuniti ni hivyohivyo: aliyeko safarini anaweza kununua na kukutumia tokeni, kijana aliyeko nje akaingiza namba kwenye mita, nawe bado uko juu ya ngazi.

Basi kazi ianzie kwenye bodi. Zima breka ya taa, na kama haijulikani ni ipi, zima meinswichi yote. Friji itavumilia. Asimame mtu pale asiyeruhusu mkono wa mwingine. Kisha fundi apime, na kupima kuna utaratibu wake: aguse kwanza kwa testa mahali penye umeme ahakikishe testa ni nzima, apime nyaya za darini zote, kisha arudi kuijaribu testa tena penye umeme. Kama amezima meinswichi, penye umeme patafutwe kwa jirani, au aijaribu kabla ya kuzima na baada ya kuwasha. Testa mbovu husema kila waya ni salama.

Taa yenye mwili wa chuma ina waya wa kijani na njano, ule wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nimeona mafundi wakiukata na kuutupa kwa kuwa darini hakuna wa kuungia. Mkatalie. Avute ethi, au uchague taa ya plastiki. Na ile ya vioo vingi isishikwe na jipsamu peke yake. Skrubu zake zifike kwenye mbao au kwenye zege.

Hapa Tanzania mafundi umeme hupewa leseni na EWURA. Kumuuliza fundi leseni si kumvunjia heshima, na fundi mzuri huitoa bila kununa. Akishamaliza, kabla hujamlipa, mwambie azime swichi ukutani, breka ikiwa imewashwa, apime holda mbele yako. Testa ikiwaka, kazi haijaisha: ahamishe nyaya mpaka ule wa moto ndio upite kwenye swichi. Na wewe mpangaji, ukikuta nyumba nzima imefungwa kinyume, mpelekee taarifa mwenye nyumba kwa maandishi. Hilo ni la kwake kulilipia, na asikutoze wewe.