Trekta Kuukuu na Tone la Mafuta

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka kusema nanyi juu ya ufa mwembamba kuliko unywele, ambao nusura uvunje mguu wa mtu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Marekani kwa kazi ya kutafsiri, nikapanga chumba kwa mzee mmoja katika jimbo la Kentucky. Mzee huyo alikuwa na trekta ndogo ya bustani aliyoachiwa na marehemu baba yake. Katika miaka ya 1960 watu wengi wa Marekani walinunua trekta za namna hiyo ili kukata majani, kusukuma theluji na kulima bustani za mboga. Kampuni ya International Harvester ilizitengeneza zake, zilizoitwa Cub Cadet, katika mji wa Louisville, hata ilipouza kazi hiyo mwaka wa 1981. Zilijengwa kwa chuma kizito, na mpaka leo ziko nyingi zinazofanya kazi.

Chini ya trekta ya mzee palikuwa na doa la mafuta kila asubuhi. Nilipomwonyesha alicheka, akasema, "Kijana, hata mzee hutoka jasho." Jumamosi moja alikuwa akikata majani mlimani nyuma ya nyumba. Mara trekta ikaanza kulia kama mbu, nguvu ikaisha, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Mzee alikanyaga breki, lakini breki nayo ilikuwa imelika. Mti mmoja ndio uliomwokoa.

Fundi wa karibu alisema kwamba pampu mpya itagharimu kuliko trekta yenyewe. Afadhali iuzwe kama vyuma vikuukuu. Mzee hakujibu neno. Jioni aliniambia, "Tutaifungua wenyewe."

Kwanza yafaa mfahamu jinsi mashine hii inavyokwenda. Katika trekta ya kawaida nguvu ya injini hupita katika klachi na gia hata kufika magurudumu. Katika hizi, nguvu hupita katika mafuta. Injini huzungusha pampu yenye pistoni ndogo ndogo, na pistoni hizo hutegemea bamba linaloweza kuinamishwa. Dereva akisukuma mkono wa mwendo, bamba huinama, pistoni husukuma mafuta kwenda kwenye mota ya pili, nayo mota huzungusha magurudumu. Bamba likiinamishwa upande wa pili, trekta hurudi nyuma. Bamba likisimama wima, mafuta hayasukumwi, na trekta hutulia. Kwa hiyo mafuta ndiyo yanayoisukuma mashine, na ndiyo yanayoizuia mteremkoni. Yakipungua, pampu hunywa hewa, na hewa haina nguvu ya kushika kitu kizito. Hiyo ndiyo sababu ya kile kilio cha mbu, na ya trekta kurudi nyuma.

Basi kazi ilianza hivi. Tuliiweka trekta mahali tambarare, tukazuia magurudumu kwa magogo, tukachomoa waya wa plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Kisha tukaosha sehemu yote ya chini kwa mafuta ya taa, tukaifuta mpaka ikakauka kabisa. Watu wengi huruka hatua hii, nao hujuta. Mafuta yanayovuja hutambaa juu ya chuma na kudondoka mbali na tundu lake. Ukitazama tone utadanganyika. Baada ya kukausha, tulinyunyiza poda nyeupe, tukaiendesha mashine kidogo, tukaizima, tukatazama mahali pa juu kabisa palipolowa. Palikuwa pale ambapo mhimili wa lile bamba hutoka nje ya kasha la pampu. Mahali pengine pa kutazama ni mbele, shafti ya injini inapoingia. Katika gasketi kati ya pampu na kasha la gia. Na katika sili za ekseli.

Hapa niseme neno la kuonya. Palipo na mipira ya mafuta yenye nguvu kubwa, mtu asitafute tundu kwa kidole. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano, na mtu aweza kupoteza mkono. Tumia kipande cha karatasi ngumu, na aliyepenywa na apelekwe hospitali mara moja, hata kama haoni maumivu.

Ndipo ikaja saa ya hukumu. Tulimwaga mafuta yote katika karai safi, tukakata filta kwa msumeno mwembamba, tukaifungua karatasi yake juani. Kama tungeona chembe nyingi zinazong'aa rangi ya shaba, maana yake pampu imelika ndani, na sili mpya haisaidii kitu. Kama mafuta yangekuwa meupe kama maziwa, maana yake maji yameingia. Mzee aliinama juu ya karatasi ile kwa muda mrefu bila kusema. Palikuwa na uchafu mweusi tu. Alivua kofia akafuta uso.

Sili ya zamani tuliitoa taratibu, bila kukwaruza kasha. Mhimili tuliusugua kwa kitambaa laini, tukaupima kwa ukucha. Ukucha ukinasa katika mfuo, sili mpya itavuja pia. Basi ni lazima kuipachika mbele au nyuma kidogo ya mfuo huo, au kuvalisha shafti bomba jembamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Wetu haukuwa na mfuo. Tulifunga utepe mwembamba juu ya ncha zenye makali, tukapaka mafuta mdomo wa sili, tukaitia, upande wenye springi ukielekea kwenye mafuta. Tuliigonga pole pole kwa kipande cha bomba kilicholingana nayo, ili iingie sawasawa pande zote.

Nilitaka kupaka gundi nyingi kwenye gasketi ili kuwa na hakika. Mzee alinishika mkono. Gundi ikizidi huingia ndani, ikaziba njia za mafuta. Nafasi za ndani ya pampu ni nyembamba kuliko unywele. Hata mchanga kidogo ni adui.

Tulipokuwa tukifunga, mzee aligusa tundu dogo la pumzi juu ya kasha. Lilikuwa limezibwa kabisa na majani na matope. Hapo tukajua asili ya ugonjwa. Mafuta yakipata moto, hewa ndani hutanuka. Ikikosa mlango, huyasukuma mafuta nje kupitia sili. Kama tungetia sili mpya na kuliacha tundu lile, baada ya majira machache tungerudi pale pale.

Tulitia filta mpya na mafuta yaliyotajwa katika kitabu cha watengenezaji, wala si mafuta yo yote yaliyopatikana dukani. Tukainua magurudumu ya nyuma, tukaiweka trekta juu ya vigingi imara, tukawasha injini kwa mwendo mdogo, tukasukuma mkono wa mwendo mbele na nyuma polepole mara nyingi, ili hewa itoke. Kilio cha mbu kikapungua, kikanyamaza. Tukapima mafuta tena, tukaongeza. Breki nazo tulizitengeneza kabla trekta haijakanyaga mteremko. Mafuta machafu tuliyapeleka panapopokelewa, hatukuyamwaga ardhini.

Asubuhi ya kesho yake nilimkuta mzee amepiga magoti, akipapasa sakafu kwa kiganja. Palikuwa pakavu.

Mabwana na Mabibi, huenda wengi wenu hamtaiona trekta ya namna ile. Lakini mnazo pampu za maji, vinu vya kusaga na motokaa, na vingi vyake vina sili, gasketi au tundu la pumzi. Mwonapo tone chini ya mashine, msiseme ni jasho la uzee. Oshani, kausheni, tafuteni lilikotoka, kisha ulizeni ni nini kilicholisukuma kutoka. Anayefuta tone bila kutafuta sababu atalifuta tena kesho.