Mashine Isiwe Hakimu wa Mwisho

(Haya ndiyo niliyozungumza kwenye kikao cha vijana, Rubya, Muleba. Wengi mmeniomba niyaandike, basi haya hapa.)

 

Nianze na la kwangu. Niliwarekodi wakulima wa kahawa hapahapa Rubya wakilalamikia bei. Video ikaanza kutembea vizuri. Kesho yake asubuhi nakuta akaunti imefungwa: nimekiuka miongozo. Miongozo ipi? Hakuna aliyeniambia. Nikakata rufaa kwa Kiswahili kilichonyooka. Jibu likarudi hata simu sijaiweka mezani: imekataliwa. Jamani, binadamu gani anasoma haraka hivyo? Nilihukumiwa na mashine, nikakata rufaa kwa mashine ileile.

Hiyo ndiyo algorithimu: maelekezo yanayoifanya kompyuta iamue wewe uone nini, nani asionekane, nani afungiwe. Chuoni tunafundishwa mapema kabisa kwamba mtu hahukumiwi bila kusikilizwa. Mbona mtandaoni kanuni hiyo haipo?

Na msidhani ni habari ya laiki tu. Novemba 2021, huko Bahir Dar, Ethiopia, Profesa Meareg Amare aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake, baada ya machapisho ya Facebook kuweka picha yake na kumchochea chuki. Mwanawe, Abrham, alikuwa ameyaripoti. Desemba 2022 yeye na wenzake, pamoja na Katiba Institute, wakaishitaki Meta katika Mahakama Kuu, Nairobi, ambako wakaguzi wa maudhui wa ukanda huu walikuwa wakifanyia kazi. Hoja yao: kosa si la walioandika peke yao, ni la mfumo unaoisukuma chuki mbele kwa sababu chuki inawaganda watu kwenye skrini. Meta ikadai mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama ikasema mamlaka inayo. Kushinda kesi ni hatua nyingine, ila mlango umefunguka.

Na sisi je? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Someni kifungu cha 36. Kinakupa haki ya kutaka uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa usifanywe na mashine peke yake. Na ukishafanywa, unaweza kudai ufikiriwe upya. Kifungu kipo, sisi ndio hatukitumii.

Najua kuna mtu anasema moyoni: kamanda, unaipa serikali fimbo ya kutuchapia. Ndugu yangu, fimbo wanayo tayari! Mei 2025 X ilifungwa. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima. Kufunga mtandao ni kumziba mdomo mtumiaji. Kuwajibisha algorithimu ni kumlazimisha mwenye mtandao atoe sababu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na asije mtu akatuuzia la kwanza kwa jina la pili.

Kwa hiyo tudai matatu. Anayefungiwa aambiwe kosa lake, kwa Kiswahili. Rufaa isomwe na mtu anayekielewa Kiswahili. Na mwamuzi wa mwisho awe mahakama na Tume iliyo huru kweli, siyo simu ya waziri.

Kazi inaanza leo. Ukifungiwa, piga picha ya skrini, tunza tarehe, andika barua, taja kifungu cha 36, nakala peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua yangu nimeshaituma. Sijajibiwa. Barua moja wataikalia. Mia moja kutoka Muleba watazikaliaje?