Jibu Lisilo na Maana: Upatanisho wa Kisarufi na Upimaji wa Ufahamu



Zitazamwe kwanza sentensi mbili: "Vikoze vya Marumbe vilipozamba mnyale, vilivikuta vitundwi vikishubuza madeve. Jambo hilo liliyafanya madeve yasinguke." Sasa yaulizwe maswali kama yaulizwavyo darasani. Vikoze vilivikuta vitundwi vikifanya nini? Vilikuwa vikishubuza madeve. Kwa nini madeve yalisinguka? Kwa sababu vitundwi viliyashubuza.

Majibu hayo ni sahihi, na mtoto wa darasa la nne huyapata bila taabu. Katika jibu la pili anaongeza hata kiambishi cha mtendwa, -ya-, kilichokuwa hakimo katika kitenzi cha taarifa. Hata hivyo vikoze, vitundwi na madeve ni maneno yaliyotungwa kwa ajili ya mhadhara huu tu, wala hayana maana yoyote. Alama zote zimepatikana, na hakuna kilichoeleweka.

Hali hii inatokana na umbo la Kiswahili chenyewe. Upatanisho wa ngeli hufunga nomino, kivumishi na kitenzi kwa viambishi vinavyoonekana wazi, hivyo msomaji anaweza kumfuata mtenda na mtendwa hata asipojua ni vitu gani. Tahajia nayo ni ya kawaida mno: aliyezimudu silabi husoma kwa sauti neno lolote, alijualo na asilolijua. Gough na Tunmer, katika makala yao ya mwaka 1986, waliueleza ufahamu wa kusoma kuwa ni zao la stadi mbili zinazozidishwa, yaani kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha. Ikiwa mojawapo ni sifuri, zao ni sifuri. Katika Kiswahili stadi ya kwanza hukomaa mapema, na sauti yake tamu huificha sifuri ya pili. Humficha mwalimu, na baya zaidi, humficha mwanafunzi mwenyewe, ambaye anaamini kwa dhati kuwa amesoma.

Kitenzi "kusoma" hakisaidii hapa. Hubeba kukariri kisomo, kuhudhuria shule na kupitisha macho kwenye gazeti, vyote kwa pamoja. "Kuhitimu" nako asili yake ni kukamilisha usomaji wa Kurani, na katika chuo mtoto wa pwani angeweza kuufikia ukamilifu huo kabla hajafundishwa maana ya Kiarabu. Hilo lilikuwa na lengo lake la ibada na halina dosari. Dosari huja pale shule, yenye lengo jingine, inaporidhika na kipimo kile kile.

Nchini Kenya, karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne imekuwa ikitoa alama 15 kwa ufahamu na 15 kwa ufupisho. Watahini hujitahidi kuuliza maana ya maneno "kama yalivyotumika katika kifungu", na juhudi hiyo ina thamani. Lakini mazoezi ya kila siku darasani mara nyingi ni ya vikoze na madeve: swali hurudia maneno ya taarifa, na jibu limelala pembeni yake. Ufupisho, ambao kwa haki ungekuwa kipimo kikali kuliko vyote, hugeuka kuwa kazi ya kuhesabu maneno. Tanzania, mwanafunzi huichukua tabia hii kutoka shule ya msingi ya Kiswahili hadi sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, na huko kunakili ndiyo silaha pekee inayombakia. Wanaoshangazwa na insha za chuo kikuu zilizonukuliwa kurasa nzima bila kutaja chanzo wangefaa kuitafuta mbegu yake katika daftari la ufahamu la darasa la tano.

Palincsar na Brown, mwaka 1984, walionyesha faida ya kuwazoeza wanafunzi wanaoelewa kwa shida mikakati minne: kutabiri, kuuliza maswali, kufafanua palipotatiza na kufupisha, huku mwalimu na wanafunzi wakipokezana uongozi wa mazungumzo. Mikakati hiyo yafaa, ila ni lazima ielekezwe mahali ambapo Kiswahili chenyewe hakitoi jibu la bure. Mahali hapo papo, tena ni ndani ya upatanisho huo huo, katika ngeli ya watu.

Mwalimu aandike ubaoni: "Mwanaisha alimpelekea shangazi yake barua ya mwalimu mkuu. Alipoisoma, alinyamaza. Kisha akamwuliza kama amezila zile pesa."

Nani alinyamaza? Nani aliulizwa? Pesa zipi? Kiambishi a- chaweza kumrejelea Mwanaisha, shangazi, hata mwalimu mkuu. Hakionyeshi jinsia, umri wala cheo. Sarufi imenyamaza pamoja na shangazi. Msomaji hana budi kujua kwamba barua kwa kawaida husomwa na aliyepelekewa, na kwamba mwalimu mkuu huwaandikia wazazi na walezi kunapokuwa na jambo, mara nyingi karo. Kuna pia "zile", iliyotangulia nomino, inayodokeza kuwa wawili hao wanazijua pesa hizo ingawa taarifa haijazitaja popote. Hakuna neno la kunakili. Kila jibu linahitaji "kwa sababu", na sababu hujengwa kwa kuunganisha sentensi ya tatu na ya kwanza, na zote mbili na maisha.

Zoezi hili halidai kitabu kwa kila mwanafunzi. Ladai chaki na subira. Anayejibu kwamba ni Mwanaisha aliyenyamaza asikosolewe papo hapo. Aulizwe ameliona wapi hilo. Atarudi kwenye sentensi ya kwanza, na huenda safari hii akaisoma.