Maji ya sabuni bustanini

Wasikilizaji wa Fizi na Baraka, kiangazi kikiingia, majani ya maboga kando ya Ziwa Tanganyika huota weupe kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo. Huo ni ubwiri unga, ndugu wa kuvu inayowasumbua wakulima wa mawaridi kule Naivasha.

Wengi hukimbilia maji ya sabuni. Sabuni huua vidukari na nzi weupe, tena pale tu inapowagusa. Kwa kuvu ni dhaifu. Hapo kazi yake hasa ni kuishikiza dawa kwenye jani. Kijiko kidogo cha bikaboneti ya kupikia katika lita ya maji, na matone machache ya sabuni, ni afadhali, mradi mpulize mapema ugonjwa unapoanza, wakati wa jioni, hata upande wa chini wa jani. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Ile ya mawese ya kwetu, ambayo soda kostiki yake hutegemea mkono wa mpishi, ijaribuni kwanza kwenye majani mawili matatu.

Na muhogo wenye mozaiki? Hiyo ni virusi, sabuni haiiponyi. Ng'oeni shina hilo, msichukue mbegu kwake.