Jeuri ya Cheo Katika Hadithi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Gongo la Mboto)



Neno langu ni fupi, nalo lahusu jeuri ya cheo kama ilivyosimuliwa na watungaji wa mataifa mbalimbali.

Hadithi ya kwanza ni ya kwetu. Marehemu Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa Serikali kama sisi, alitoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951. Humo Waziri Majivuno amshtaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Karama, katika kujitetea, awakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema ya nchi, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Basi twaona kwamba jeuri huogopa elimu.

Ya pili ni mchezo wa Mrusi, Gogol, uliochezwa mwaka 1836. Karani mdogo afika katika mji, na wakubwa wa mji wamdhania kuwa mkaguzi wa Serikali. Wamnyenyekea na kumpa fedha. Kilichowatisha si yeye, bali makosa yao wenyewe.

Ya tatu ni ya Mwingereza, George Orwell, ya mwaka 1945. Wanyama wamfukuza mwenye shamba. Kisha nguruwe, kwa kuwa ndio wajuao sana kusoma na kuandika, washika madaraka. Waanza kwa kujitengea maziwa na matofaa. Baadaye wageuza sheria zilizoandikwa ukutani, na wenzao wasiojua kusoma vema hawana la kujibu.

Ndugu zangu, hapo ndipo hadithi iliponichoma. Sisi si mawaziri wala wafalme, lakini kalamu tunayo, na mhuri tunao. Siku moja mzee mmoja alinijia dirishani na karatasi yake. Nikamwambia, “Njoo kesho, mzee.” Alipokuja nikamwambia vivyo hivyo. Siku ya tatu akaniuliza kwa adabu, “Mwanangu, kesho yako ni siku gani?” Kazi yake ilinichukua dakika tano tu. Niliona haya, wala sijasahau hata leo.

Mara nyingi twasoma hadithi hizi tukawacheka wakubwa. Nawaomba tuzisome tukijitazama wenyewe, maana mwenye shida hamjui Waziri. Amjuaye ni karani aliye dirishani. Kwake yeye, Serikali ndiyo sisi.