"Upo?" "Nipo": Lugha ya Shukrani kati ya Wapiganaji wa Vita vya Kagera



Mada yangu ni ndogo kwa umbo. Inahusu viambishi vitatu vya mahali, po, ko na mo, ambavyo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amevichambua ubaoni. Leo nataka tuvitazame katika vinywa vya wazee waliopigana Vita vya Kagera, wanapokutana kukumbushana na kushukuriana.

Historia yenyewe mnaifahamu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi vilikuwapo. Jeshi la Wananchi liliongezewa nguvu kwa mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari magereza. Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa kwa ushirikiano na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na Juni vita vikafika kikomo chake kwenye mpaka wa Sudani.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wa waliokwenda. Mimi wakati huo nilikuwa shuleni. Aliporudi nilimwambia, kwa adabu niliyofundishwa, "Asante, kaka, kwa kututetea." Akaitikia "Haya," akainuka kwenda kutazama ng'ombe. Nilibaki nikijiuliza nimemkosea nini.

Jibu nililipata baada ya miaka mingi, katika Siku ya Mashujaa, Julai 25, mwenzake wa kikosi alipokuja kumtembelea. Sikusikia neno "asante". Mgeni alisimama mlangoni akasema, "Afande, upo?" Kaka akajibu, "Nipo." Mgeni akasema, "Na miye nipo." Wakashikana mikono, wakakaa hivyo kwa muda, ndipo mgeni akakaribishwa kiti.

Sote tunaulizana "Upo?" njiani na sokoni, na ni salamu nyepesi. Kaka alinieleza kwamba kwao haikuwa nyepesi. Mizinga iliponyamaza alfajiri, kiongozi alipita akiuliza handaki kwa handaki, "Fulani, upo?" Aliyejibu "Nipo" alikuwa hai. Kimya nacho kilikuwa jibu.

Hapa ndipo nilipoelewa upungufu wa ile asante yangu. Neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, ahsanta, yaani umetenda vyema. Katika asili yake ni sifa inayotolewa na mtu anayetazama kitendo cha mwenziwe, na katika matumizi yetu ya leo bado lina pande mbili, mtoaji na mpokeaji. Lakini watu wawili waliolala katika handaki moja, nani kati yao ni mtoaji? Lugha yao ni ya kauli ya kutendana: walisaidiana, walibebana, wanakumbushana. Na hata kitenzi chenyewe cha vita, kupigana, ni cha kauli hiyo hiyo.

Turudi kwenye viambishi vyetu. Sarufi hutufundisha kwamba ko huonyesha mahali pasipo dhahiri, po mahali mahususi, na mo mahali pa ndani. Mifano yetu ni ya vitabu na meza: kitabu kipo mezani, kalamu imo mkobani. Siku ile ya Julai nilisikia mfano mwingine. Mazungumzo yalimfikia mwenzao aliyefia ng'ambo ya mto. Jirani yetu aliyekuwa ameketi nasi, ambaye hakwenda vitani, akasema, "Kumbe naye alikuwako." Mgeni akamsahihisha taratibu: "Alikuwapo." Kaka akaongeza, "Alikuwamo. Tulikuwamo pamoja."

Wengi wetu siku hizi husema "alikuwepo" na kuitumia kwa kila mahali. Wazee hawa hawakuzichanganya. Alikuwako ni kauli yetu sisi tuliobaki nyumbani, tunaojua tu kwamba mtu alikwenda huko. Alikuwapo ni kauli ya aliyemwona pale pale. Alikuwamo ni ya aliyeshiriki naye handaki. Kwa hiyo kubadili silabi moja kulikuwa kutoa ushahidi. Nami nadai kwamba ushahidi huo ndio shukrani yao. Kumshukuru mwenzako, kwa lugha ya wazee hawa, ni kuthibitisha mbele ya watu kwamba alikuwapo.

Uzito wa jambo hili niliuona baadaye mwaka huo. Kaka alinichukua tukaenda kwa mjane wa yule marehemu. Alikuwa amepewa taarifa rasmi ya kifo tangu wakati wa vita, na kila mwaka alikuwa akiambiwa asante na viongozi wa mahali pake. Alizipokea kwa heshima. Lakini kaka aliposema, "Pole, shemeji. Mimi nilikuwapo," mama yule aliweka chini ungo wake, akauliza maswali ambayo hakuwahi kupata wa kumwuliza: alisema nini, alikuwa na njaa, nani alimfunika. Kaka alijibu moja baada ya jingine. Tulipoaga, mjane alisema, "Sasa nimepoa." Wanaisimu mtatambua udugu wa pole na kupoa. Mimi nilitambua kwamba pole ile ilikuwa imechelewa kwa miaka mingi.

Sisemi kwamba taifa lisiwaambie askari wake asante. Linapaswa kuwaambia, na kuwatunza uzeeni. Nasema kwamba asante yetu haiwezi kuchukua nafasi ya kauli ambayo ni wao peke yao wanaoweza kuitoa, na wanaoweza kuitoa wanapungua. Kijana wa miaka 20 aliyevuka mto mwaka 1979 sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Kaka yangu amekwisha kututoka. Nilikuwa na kinasa sauti kwa miaka yote ya kazi yangu, nikarekodi lahaja za watu wa mbali, na sikumrekodi yeye.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mnapokwenda likizo, msianze na hojaji. Ketini pale wazee wawili wanapokutana, ombeni ruhusa, msikilize wanavyoulizana. Andikeni kila po, ko na mo kama ilivyotamkwa, wala msiisahihishe.