Sikukuu Zetu Zinasema Nini Juu Yetu?

(Mada iliyotolewa katika darsa la vijana baada ya Asri)



Alhamdulillah, sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ama baad.

Vijana wenzangu, na wewe ndugu unayesoma huku ukisubiri adhana ya Magharibi, nianze na swali. Ukitaka kumjua mtu, utamuuliza yeye mwenyewe? Atakwambia mazuri tupu. Mtazame siku ambayo hana kazi. Anakwenda wapi, anamkumbuka nani, anamsahau nani. Basi na jamii ni vivyo hivyo. Hotuba za viongozi ziache. Chukua kalenda ya ukutani, tazama zile tarehe zilizopigwa rangi nyekundu.

Tuanze na tarehe 10 Oktoba. Baba zetu waliijua kuwa ni Siku ya Moi. Katiba ya 2010 ilipokuja ikataja siku tatu tu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Siku ya Moi ikaachwa kusherehekewa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema sheria ya sikukuu haijabadilishwa, kwa hivyo siku bado ipo. Watu wakapumzika, lakini ukiwauliza wanapumzikia nini, hakuna jibu. Baadaye ikapewa jina la Huduma, halafu Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Siku ya Mazingira. Siku ni ile ile, majina manne! Hii inatufundisha nini? Kwamba siku iliyojengwa juu ya mtu mkubwa haidumu na jina lake. Mapumziko tumeyashikilia, maana ndiyo tunayoitafuta bado.

Sasa tazama tarehe 20 Oktoba. Usiku wa siku hiyo mwaka 1952 Mwingereza alitangaza hali ya hatari, akamkamata Kenyatta na wenzake. Kwa miaka mingi tuliiita Kenyatta Day. Jamani, alikamatwa peke yake? Kaggia je? Kubai, Ngei, Karumba, Achieng' Oneko? Na Dedan Kimathi aliyenyongwa 1957, sanamu yake Nairobi haikusimamishwa mpaka 2007. Hata marufuku ya mkoloni juu ya Mau Mau haikuondolewa mpaka 2003, miaka arubaini baada ya uhuru. Ilipogeuzwa kuwa Siku ya Mashujaa, ndipo tukapata nafasi ya kumtaja Mekatilili wa Menza wa hapa kwetu Pwani, aliyewakusanya Wagiriama dhidi ya Mwingereza mwaka 1913. Badiliko hilo ni zuri. Lakini jiulize, tarehe 20 Oktoba iliyopita wewe ulimtaja nani? Ama ulilala mpaka adhuhuri?

Tuje kwa Leba Dei, tarehe 1 Mei. Sisi watu wa Mombasa tunayo haki ya kuisherehekea kuliko wengi. Januari 1947 wafanyakazi wa mji huu waligoma: wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, mpaka watumishi wa majumbani. Mji ulisimama. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huo huo, akapelekwa mbali. Lakini leo, siku ya wafanyakazi ikifika, ni nani anayepumzika? Karani wa ofisini anapumzika na mshahara wake uko pale pale. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kupumzika, maana asipofanya kazi, jioni hakuna unga. Siku imewekwa kwa ajili yake, na yeye ndiye anayeikosa.

Na Idd zetu je? Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya Wakenya wote kisheria. Idd-ul-Adh-ha iliwekwa kwenye sheria kuwa ya Waislamu peke yao, ingawa miaka ya karibuni mara nyingi serikali imekuwa ikiitangaza kwa kila mtu. Tunapolalamika kwamba mtihani umewekwa siku ya Idd, tunayo haki. Mimi mwenyewe yalinifika: nilitoka msikitini na kanzu yangu moja kwa moja kuingia chumba cha mtihani. Niliumia, wallahi. Nilisema, hawa watu hawatuoni.

Lakini ndugu zangu, kioo tusikigeuzie wengine tu.

Idd iliyofuata nilikuwa nyumbani. Tulirudi kuswali, takbira bado ziko midomoni, pilau iko tayari. Watoto wakapewa mkono wa Idd, wakakimbilia bembea Makadara. Nikaingia jikoni kutafuta maji, nikamkuta dada anayetufanyia kazi ameinama juu ya sufuria. Ni Muislamu kama sisi, kafunga siku zote kama sisi. Aliamka kabla ya alfajiri kutupikia. Nikamwambia, "Idd mubarak dada, wewe umeswalia wapi?" Akacheka kidogo, akasema, "Mimi Idd yangu ni nikimaliza vyombo."

Sikuwa na la kujibu. Yule mwalimu aliyeweka mtihani siku yangu, na mimi, tuna tofauti gani?

Tulifundishwa madrasa kwamba fitri hutolewa kabla ya sala ya Idd. Ukichelewesha ikawa baada ya sala, imekuwa sadaka ya kawaida tu. Kwa nini haraka hiyo? Ili maskini asiamke siku ya furaha akiomba. Yaani dini yetu imeweka sharti: furaha yako isianze mpaka jirani yako awe na chakula. Hicho ndicho kipimo, nacho kinafaa kwa sikukuu yoyote, iwe ya dini au ya serikali. Tazama ni nani aliyebaki nje.

Basi mwaka huu, inshaAllah, tufanye matatu. Fitri itoke mapema, iwafikie watu usiku wa Idd. Mfanyakazi wa nyumbani aende kuswali pamoja nasi, na vyombo tuoshe sisi vijana, mikono haitakatika. Na Mei Mosi na Oktoba 20 zikifika, tumtafute mzee mmoja mtaani, kuli wa zamani au mpishi, atuhadithie maisha yake.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atujaalie Idd isiyomwacha mtu jikoni. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.